UMESIMAMA DIRISHANI?

Mpendwa msomaji, wewe uliyepewa karatasi hii hapa uwanjani, usiikunje ukaifungia karanga. Isome kwanza. Ukifika mwisho ifungie karanga ukitaka, maana neno litakuwa limeshaingia moyoni.

Mimi ni mwinjilisti mwanamke. Nimesoma darasa la saba huko kwetu Tanga, halafu miaka miwili ya chuo cha Biblia, basi. Ninaandika kwa sababu dada kadhaa wamenifuata nyuma ya jukwaa baada ya mkutano, wakiangalia huku na huku kama watu walioiba kuku, wakaniuliza kwa sauti ya chini: "Mtumishi, kuna mafunzo ya kucheza tumbo, ule uchezaji wa Kiarabu wa kuzungusha kiuno. Natamani kuanza. Je, nikienda nimetenda dhambi?"

Walitegemea nitawawekea mikono na kukemea pepo la kiuno. Miaka kumi nyuma ningefanya hivyo. Ningekemea mpaka sauti ikauke. Leo sikemei haraka, na ninataka ujue kwa nini. Sikia.

MIKALI BINTI SAULI

Fungua Biblia yako, 2 Samweli sura ya 6. Sanduku la Bwana linaingia mjini. Tarumbeta zinalia. Mfalme Daudi amevaa naivera ya kitani, anaruka, anacheza mbele za Bwana, jasho linamtoka, ufalme ameusahau. Na juu kule dirishani yupo mke wake Mikali anachungulia. Anamwona. Anamdharau moyoni. Akamngoja arudi nyumbani, akampokea kwa maneno ya kuchoma. Na mwisho wa sura ile tunaambiwa kwamba Mikali hakuzaa mtoto mpaka siku ya kufa kwake.

Ndugu yangu, hili lilikuwa hubiri langu kubwa! Lilinipa jina. Watu walikuwa wanasema, "Yule wa Mikali anakuja." Nilikuwa nalihubiri hivi: "Nani hapa anamdharau anayemchezea Bwana? Nani amekunja uso? Angalia tumbo la Mikali, lilifungwa! Nasema lilifungwaaa!" Watu wanalia, watu wanaanguka, na sadaka, niseme ukweli, inajaa.

Mwaka 2016 nililihubiri hubiri hilo wilayani kwetu. Safu ya tatu alikaa mdogo wangu, tumbo moja, baba mmoja. Miezi mitano kabla ya siku ile alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto akaishi siku mbili, akafa. Mimi nilikuwepo tulipomzika. Siku arobaini za uzazi ziliisha, lakini yeye aliendelea kufunga mkaja kana kwamba kuna mtoto ndani ya nyumba, na hata siku ya mkutano alikuwa nao chini ya gauni. Haya yote nilikuwa nayajua.

Lakini hubiri likishapamba moto, mhubiri hamwoni mtu mmoja mmoja. Anaona umati. Nikapaza sauti, "Tumbo lilifungwa!" mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu mkono wangu ukanyooka upande aliokaa. Sikumnyooshea yeye, Mungu ni shahidi. Lakini mkono ulikwenda upande ule.

Akasimama kabla ya maombi. Akajifunga kanga juu ya gauni, akaondoka katikati ya watu. Mwaka uliofuata akaenda Dubai kufanya usafi maofisini. Mama alikuwa anatumiwa pesa kila mwezi. Mimi sikutumiwa hata salamu.

Nikawa nawaambia watu mdogo wangu amerudi nyuma, tumwombee. Umenielewa? Mimi ndiye niliyemsukuma mlangoni, halafu nikawa natangaza kwamba ametoka.

ALHAMISI USIKU

Mwaka 2019 ushirika wa Waswahili kule Dubai ulinialika nikahudumu wiki mbili. Wakati ule mapumziko ya kule yalikuwa Ijumaa na Jumamosi (wameyabadilisha mwaka 2022), kwa hiyo ibada kubwa ilikuwa Ijumaa. Nikamtafuta mdogo wangu kupitia watu. Akakubali tuonane.

"Njoo Alhamisi, dada," akaniambia kwenye simu. "Lakini saa mbili usiku nina darasa."

"Darasa la nini? La kompyuta?"

Kimya. Kisha akasema, "La kucheza tumbo."

Aisee! Moyoni nikasema, kumbe hiki ndicho nilicholetwa kukifanya. Nikafunga siku mbili bila kula. Nikatia kichupa cha mafuta ya upako mkobani. Nilikuwa nakwenda vitani.

Tulivuka ule mkono wa bahari kwa mashua wanayoiita abra, dirhamu moja kila mtu, tukashukia upande wa Deira. Tukapanda ngazi mpaka juu ya duka la mabegi. Mimi nilitegemea taa nyekundu, moshi, na wanaume wameshika noti. Nikakuta chumba cheupe, taa ya kawaida kama ya zahanati, kioo ukuta mzima, pazia zito mlangoni, na wanawake tisa. Mwanamume hata mmoja hakuna. Kulikuwa na Wafilipino, Wahindi, Mkenya mmoja, nesi mmoja aliyetoka kazini bado miguu imevimba. Wamevaa suruali za mazoezi na fulana, na kila mmoja kiunoni amefunga kitambaa kilichoshonewa sarafu ndogondogo zinazolia. Mwalimu alikuwa mama wa Kimisri, umri wa mama yangu, mnene, nywele zimefungwa na kitambaa.

Nilisimama mlangoni, mkono mkobani nimeshika kichupa. Yule mama akasema neno kwa Kiingereza chao cha Dubai, mdogo wangu akanitafsiria: "Anauliza mbona umesimama mlangoni. Anasema huku ndani hakuna watazamaji. Uvue viatu au urudi kesho."

Mpendwa, nilivua viatu. Nilijiambia nauangalia uovu kwa karibu.

SASA SIKIA WALICHOFUNDISHWA

Wewe dada unayetaka kuanza, hapa ndipo pako. Fungua masikio.

Nusu saa ya kwanza hatukucheza kitu. Tulifundishwa kusimama! Mimi mwenye miaka zaidi ya thelathini, mhubiri wa majukwaa, nilifundishwa kusimama kama mtoto wa chekechea. Nyayo chini ya nyonga, zisiachane sana. Magoti yalegezwe, yasikazwe kama mti. Mwisho wa uti wa mgongo uelekee ardhini, usibinue makalio nyuma, maana ukibinua kiuno kitauma usiku kucha. Kifua juu. Mabega chini. Pumua. Yule mama akapita akigusa mabega ya kila mtu. Akafika kwangu, akayashusha yote mawili kwa viganja. Yalikuwa masikioni. Sikujua kwamba miaka yote natembea nimebeba mabega masikioni.

Halafu akatuambia siri ambayo nimekuja kuhubiri juu yake mara nyingi. Akasema nyonga haijiinui yenyewe. Anayeinua nyonga ni goti. Ukinyoosha goti la kulia wakati la kushoto limekunjwa kidogo, nyonga ya kulia inapanda. Ukilikunja, inashuka. Ndiyo kazi yote! Na ule mtetemo unaouona kwenye televisheni, ambao sarafu zinalia kama mvua juu ya bati, ni magoti mawili yanapokezana upesi upesi, hili likinyooka lile likikunjwa. Anayeanza hukaza tumbo na makalio akidhani ndiyo nguvu. Baada ya dakika moja amechoka, paja linawaka. Mama yule akawa anazunguka na neno moja tu: "Legeza. Legeza." Kinachotikisika juu kinatikisika kwa sababu kimelegezwa, na kazi inafanyika chini ambako mtu haangalii.

Kazi ya pili ilikuwa kusogeza kitu kimoja na kuacha vingine vitulie. Kifua kiende kulia, kiuno kibaki. Kiuno kiende kushoto, mabega yabaki. Unacheka? Jaribu nyumbani kesho asubuhi mbele ya kabati. Utaona mwili wako wote unakwenda kama gogo moja. Mimi nilipoambiwa nisogeze kifua, kichwa kilikwenda, mikono ikaenda, na ulimi ukatoka nje. Mkenya yule akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu nianze huduma.

Kisha nane. Unachora tarakimu nane kwa nyonga, imelala sakafuni: nyonga ya kulia inakwenda mbele, inazunguka nje, inarudi nyuma, inapita katikati, ya kushoto inapokea. Upande wa kulia nilichora. Upande wa kushoto ulikataa kama punda aliyeona maji.

Baadaye akatuwekea ngoma. Wamisri wanaiita tabla, ile ya mdomo mpana yenye kiuno chembamba, ya kukumbatiwa chini ya kwapa. Mdundo wa kwanza anaofundishwa mgeni unaitwa maksum. Sauti nzito katikati ya ngozi ni dum, sauti kali ya pembeni ni tek. Dum tek, tek dum, tek. Tulipiga makofi tu kwanza. Mguu haukuruhusiwa mpaka sikio lielewe. Sisi wa pwani tuliokulia kwenye arusi, tuliocheza chakacha jikoni pamoja na mashangazi, sikio lilielewa upesi. Mwili ndio uliochelewa, kwa sababu mimi mwili wangu nilikuwa nimeufunga siku nilipookoka, nikaona huo ndio utakatifu.

Na kioo! Hapo ndipo shetani anapowavuna wanaoanza. Hakuna anayejitazama mwenyewe. Kila mmoja anamwangalia jirani na kusema moyoni, yule ameshajua, mimi sitajua. Kumbe na yule anakuangalia wewe. Wengi huacha baada ya darasa la kwanza au la pili, na si kwa sababu ya magoti. Ni aibu. Sarafu za kiunoni zinakutangaza: wenzako wote wametulia, wewe unalia chwa. Nabii Zekaria aliwauliza watu ni nani aliyeidharau siku ya mambo madogo. Mimi ninakuambia, anayeidharau zaidi ni mwenye siku yenyewe.

Nikupe na la kawaida, maana dada hawa waliuliza kwa kutaka kujua. Kama umejifungua karibuni, au umefanyiwa operesheni ya tumbo, au mgongo wako una shida, mwone daktari kwanza, kisha mwambie mwalimu kabla ya kuanza. Usile ukashiba kabla ya darasa. Siku ya pili yake mapaja na mbavu vitauma. Hayo ni maumivu ya kazi, yanapita. Lakini goti likichoma kama sindano, acha hapo hapo. Wala usinunue mavazi ya kumetameta. Fulana na leso ya kufunga nyongani inatosha.

MKONO JUU YA TUMBO

Karibu na mwisho yule mama alizima ngoma. Akasema wekeni mkono chini ya kitovu, vuteni pumzi mpaka mkono usukumwe, kisha mwachie. Ndivyo wanavyoanza kujifunza kulitembeza tumbo kama wimbi.

Nikamwona mdogo wangu kwenye kioo. Akaweka mkono. Akafumba macho. Mkono ukapanda, ukashuka. Ukapanda, ukashuka.

Sikuelewa mpaka tulipokuwa kwenye abra tunarudi. Taa za mji ziko majini, injini inaunguruma, yeye anaangalia maji. Akaniambia:

"Dada, miaka miwili sikulishika tumbo langu. Hata nikioga nilikuwa napitisha sabuni pembeni. Mkaja nilikuja nao huku, nikalala nao. Siku ya kwanza darasani yule mama akaniambia nifungue, ati mtu aliyefungwa hawezi kupumua. Akasema weka mkono. Nikatoka nikakaa kwenye ngazi nikalia mpaka darasa likaisha. Wiki ya pili nikarudi, nikalia tena. Wiki ya tatu nikaweka mkono."

Halafu akanigeukia. "Wewe ulisema limefungwa. Mbele ya watu."

Kichupa cha mafuta kilikuwa mkobani. Haleluya nilikosa, aya nilikosa. Nilitaka kusema "sikukunyooshea wewe," na Roho wa Mungu akanizuia mdomo. Maana kama jiwe nimelirusha hewani na limempata mtu kichwani, nitamwambia sikukulenga? Nikamwambia, "Nisamehe, mdogo wangu." Akasema atafikiri. Ndiyo, alisema atafikiri! Ninyi mnaopenda ushuhuda unaoisha na watu wakikumbatiana, huu haukuisha hivyo usiku ule.

NILIYOKUWA SIJASOMA

Usiku huo sikulala. Nikafungua tena kwa Mikali, na aibu ikanipata kubwa kuliko ile ya kwenye kioo. Biblia haisemi mahali popote katika sura ile kwamba Mungu alilifunga tumbo lake. Inasema hakuwa na mtoto. Maneno "lilifungwa" niliyaongeza mimi, kwa sababu yalikuwa yanapiga vizuri kwenye spika.

Tena nikarudi nyuma sura tatu. Sura ya 3 mstari wa 15 na 16. Wewe umewahi kuisoma? Mikali alikuwa ameozwa kwa mume mwingine, Paltieli. Daudi alipopata nguvu akaagiza arudishiwe. Wakamchukua. Na yule mume akafuata nyuma akilia njia nzima mpaka Bahurimu, akafukuzwa arudi. Basi mwanamke aliyesimama dirishani ni mwanamke aliyenyang'anywa kutoka kwa mtu aliyemlilia barabarani. Hakuna aliyemuuliza. Alikosa kumdharau mpakwa mafuta, ndiyo. Lakini alikuwa na jeraha, na mimi kwa miaka yote nilikuwa nalipiga teke mbele ya umati ili nipate Amina.

Nikafika na kwa Hana, 1 Samweli 1. Hana anaomba, midomo inatikisika, sauti haitoki. Kuhani Eli amekaa mlangoni anaangalia midomo inavyotikisika, akatoa hukumu: amelewa! Kumbe mama analia kwa ajili ya mtoto. Eli aliona mtikisiko, uchungu hakuuona. Na alikuwa mtumishi wa Mungu, amekaa kazini kwake kabisa.

Mimi ni nani? Mimi ndiye Mikali, mimi ndiye Eli. Nilipanda ngazi za Deira nikiwa nimeshika kichupa.

JE, NA BINTI HERODIA?

Najua unauliza. Mzee wa kanisa ameshanyoosha kidole: si ndiyo ngoma iliyomkata Yohana Mbatizaji kichwa?

Soma Marko 6 polepole. Chuki ilikuwa ya mama mtu tangu zamani, ilikuwa inamngoja Yohana. Karamu ilikuwa ya Herode. Kiapo cha kijinga alikitoa mfalme. Binti alitoka nje kumuuliza mama yake aombe nini. Kiuno kilitumiwa na watu wazima waliokwisha kuoza mioyo. Biblia haituambii alicheza mtindo gani, na hata jina lake Marko hakulitaja. Vile vitambaa saba vya kuvua kimoja kimoja, ambavyo wengine tumevihubiri kama aya, vimetoka kwenye tamthilia ya mwandishi Oscar Wilde aliyoiandika mwaka 1891. Tulihubiri tamthilia, jamani!

Uchezaji huu wenyewe Wamisri wanauita raqs sharqi, yaani uchezaji wa mashariki. Ule wa nyumbani na mitaani ni raqs baladi, wa kwetu, na huko wanawake huchezeana arusini kama sisi jikoni. Jina la "kucheza tumbo" lilitoka kwa Wafaransa, likaenea sana Marekani baada ya maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893, ambako walijenga mtaa wa kuigiza Cairo, watu wakalipa kiingilio kwenda kushangaa matumbo. Mwaka 1926 Badia Masabni alifungua ukumbi wake Cairo, na hapo wakatokea kina Samia Gamal na Tahia Carioca waliojaa kwenye sinema. Mavazi ya kumetameta ni ya kumbi hizo na sinema. Bibi wa kijijini anayecheza arusini kwa mjukuu wake hajavaa hivyo.

Na hili wahubiri tulisikie. Mwaka 1834 mtawala wa Misri, Muhammad Ali, aliwafukuza Cairo wanawake waliocheza hadharani, wakapelekwa kusini, miji kama Esna. Je, uzinzi uliondoka Cairo pamoja nao? Waliondoka wanawake. Waliokuwa wanawalipa walibaki.

Sasa usitoke hapa ukasema mwinjilisti amefungua mlango wote. Hapana! Kama darasa lina wanaume waliokaa kwenye viti kutazama, toka. Kama mwalimu anataka kukupiga video akaisambaze, toka. Kama umetafutiwa kazi ya kucheza hotelini nchi ya mbali na mtu ambaye anashika pasipoti yako, kimbia, dada yangu, kimbia usiku huu huu, maana hapo huendi kucheza, unauzwa. Na Misri kuna ngoma nyingine inaitwa zar, ya kutuliza mapepo. Hiyo ni nyingine kabisa, usiende. Nilimuuliza yule mama waziwazi kama kwenye mafunzo yake kuna mapepo. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Mapepo? Mimi nafundisha magoti."

Na kama dhamiri yako inakukataza, usiende. Wala usimcheke dada anayebaki nyumbani. Lakini ukiniuliza mimi, kwamba nitende dhambi nikiingia chumba cha wanawake watupu, nivue viatu, nijifunze kushusha mabega na kuchora nane, ninakujibu: hiyo dhambi sijaiona, na nilikwenda mwenyewe nikaitafuta na kichupa cha mafuta. Miriamu alitoka baharini akaongoza wanawake kwa matari na kucheza, Kutoka 15. Hajaandikwa kuwa aliomba radhi.

WEWE JE?

Wewe mpendwa, hebu shusha karatasi kidogo ujiulize. Uko sakafuni au uko dirishani? Uliye sakafuni nakujua: unakosea, sarafu zinalia peke yake, unaona haya. Uliye dirishani hukosei kamwe, kwa sababu hujashuka.

Yupo mtu uliyemtupia neno. Labda hukumlenga. Labda ulikuwa kwenye mkutano wa maombi, au kikoba, au jikoni mnamenya vitunguu, ukasema neno juu ya wasiozaa, wa walioachika, wa aliyenenepa, wa anayeanza shule na watoto wakubwa, na mtu akafunga kanga yake akaondoka. Unamjua. Jina limekujia sasa hivi unaposoma. Usingoje nikuite mbele kwa kunyoosha mkono. Simama hapo ulipo, toka nje ya uwanja, mpigie simu au mfuate kwake. Akisema atafikiri, mwache afikiri.

Mdogo wangu alifikiri miezi saba. Siku moja ikaingia pesa ya mama kwa simu, na juu yake ameongeza kidogo, akaandika kwamba ile ya juu ni yangu, ninunue leso ya nyongani. Nilisoma ujumbe ule nikiwa sokoni, nikakaa juu ya gunia la viazi la mtu.

Amerudi likizo mara mbili tangu hapo. Akija, jioni watoto wakishalala tunafunga mlango, tunasogeza meza, mama anatupigia sinia. Mama naye amejifunza kusema "legeza," anatuambia kwa sauti ya ukali kama mwalimu wa jando. Kaburi la mtoto tunalifyeka pamoja asubuhi yake. Hubiri la Mikali bado nalihubiri, lakini sasa naanzia sura ya 3, na nikifika kwa Paltieli analia barabarani watu hawapigi kelele tena, wananyamaza.

Na ile nane, kulia inakwenda vizuri. Kushoto bado.